Abebe Bikila: mtoto aliyekimbia vita, akawa bingwa wa mbio ndefu

Ndugu msomaji, kama unaamka mapema Gitega au Muyinga, umewaona. Kabla jua halijapanda kuna vijana wanaokimbia kando ya barabara, wengine wamevaa viatu vya michezo, wengine sandali za plastiki, wengine miguu mitupu. Gitega wanapita karibu na Uwanja wa Ingoma, kisha wanashika njia ya Karuzi. Muyinga wanazunguka Uwanja wa Umuco, au wanapita njia za vumbi za Gasorwe, upande wa kambi ya Kinama. Baadhi yao ni wenyeji, baadhi ni wakimbizi waliotoka Kongo. Ukiwatazama kwa mbali huwezi kuwatofautisha.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayotoka kwenye kitenzi kimoja. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia hatari. Mkimbiaji ni mtu anayekimbia ili afike mahali au ashinde. Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu aliyekuwa vyote viwili. Alikufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, lakini kila anayekimbia mbio ndefu Afrika amepita kwenye njia aliyoifungua. Jina lake ni Abebe Bikila. Abebe ndilo jina lake mwenyewe, na Bikila ni jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya Ethiopia. Kwa hiyo tutamwita Abebe.

Huhitaji kuwa mwanamichezo ili maisha yake yakuguse. Soma hata kama huwezi kukimbia mita mia moja, na hata kama huwezi kutembea.

Mtoto wa vita

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, eneo la Shewa, katikati ya Ethiopia. Kwao walikuwa watu wa kijijini, wa maisha ya kawaida.

Alipokuwa na miaka mitatu, vita viliingia nchini. Mwezi Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia kwa ndege, vifaru na hata gesi ya sumu. Mwezi Mei 1936 yakauteka mji mkuu, Addis Ababa. Familia ya Abebe ilifanya kile ambacho wengi kati ya wasomaji wetu wanakijua bila kuelezwa: ilihama. Walikwenda kuishi Gorro, mahali pa mbali, mpaka hali ilipotulia ndipo wakarudi Jato.

Hata Mfalme Haile Selassie mwenyewe aliondoka nchini mwaka 1936. Aliishi uhamishoni Uingereza, katika mji wa Bath, na alirudi Addis Ababa mwaka 1941. Mfalme na mtoto wa kijijini walipitia jambo lile lile, kila mmoja kwa namna yake. Ukisikia mtu anasema kwamba mkimbizi ni mtu wa hali ya chini, mkumbushe hilo. Vita havichagui.

Abebe alipokaribia miaka ishirini alikwenda mjini kutafuta maisha, kama vijana wengi. Akaingia katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme, akawa askari wa kawaida. Wakati huo hakuna mtu nje ya nchi yake aliyemjua. Dunia ilikuja kulisikia jina lake akiwa na miaka 28. Nawaambia hili hasa ninyi mnaodhani kwamba miaka imekwisha, kwamba shule ilikatika, kwamba umri wa kuanza umeshapita.

Mwalimu na milima

Katika kikosi hicho Abebe alikutana na mwalimu wa michezo aliyeitwa Onni Niskanen, raia wa Sweden aliyezaliwa Finland. Niskanen aliwafundisha askari kukimbia kwa mpango, bila kubahatisha. Siku ya kukimbia mbali ilikuwa na mahali pake, siku ya kukimbia kwa kasi ilikuwa na mahali pake, na mapumziko yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Kabla ya hapo Abebe alikuwa tayari na kitu ambacho mwalimu hawezi kumpa mtu. Alikuwa na desturi ya kukimbia kutoka milima ya Sululta hadi Addis Ababa na kurudi, karibu kilomita 20, siku nyingi za juma. Addis Ababa iko juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mwili unaoizoea unajifunza kufanya kazi kwa hewa kidogo. Gitega iko kwenye kama mita 1,500. Siyo sawa na Addis, lakini miguu inayopanda na kushuka milima yetu kila siku, ikibeba maji na kuni, imeshafanya sehemu ya mazoezi bila kulipwa.

Milima peke yake haikutosha, na mwalimu peke yake hangetosha. Abebe alikuwa na bidii yake, lakini pia alikuwa na mtu wa kumpimia muda na kumwambia siku ya kupumzika. Kijana anayejifundisha peke yake Muyinga huchoka au huumia, siyo kwa sababu hana nguvu, bali kwa sababu hana wa kumwambia basi. Kama wewe ni mwalimu wa shule, au mtu mzima uliyewahi kucheza, pengine kazi yako ni hiyo: kusimama kando ya njia na saa mkononi.

Miguu mitupu mjini Roma

Mwaka 1960 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Roma, mji mkuu wa Italia, nchi iliyoivamia Ethiopia miaka 25 kabla yake. Ulikuwa mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru. Kongo ilikuwa imepata wake tarehe 30 Juni, na Burundi ingeusubiri hadi mwaka 1962.

Mbio za marathoni, kilomita 42 na mita 195, zilikimbiwa tarehe 10 Septemba. Zilianza jioni ili kukwepa joto la mchana, na zikamalizika gizani, askari wakiwa wamesimama kando ya barabara na mienge ya kuwaangazia wakimbiaji. Abebe alikimbia bila viatu.

Hapa tuelewane, maana habari hii husimuliwa vibaya. Watu husema alikimbia peku kwa sababu alikuwa maskini. Ukweli ni kwamba viatu vilikuwepo, lakini jozi aliyopata haikumkaa vizuri. Naye alikuwa ameshafanya mazoezi ya peku, nyayo zake zimekomaa. Akachagua anachokijua badala ya kitu kipya siku ya mashindano. Miaka minne baadaye, alipopata viatu vinavyomfaa, alivivaa, na akakimbia kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba umaskini ni baraka au kwamba mkimbizi anafaa kuzoea kukosa. Ukipata viatu, vaa. Ila usingoje viatu ndipo uanze.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo nalipenda. Abebe alikuwa ameambiwa amchunge mkimbiaji hodari kutoka Moroko, Rhadi Ben Abdesselam, ambaye angevaa namba 26. Lakini Rhadi aliingia mbioni na namba nyingine, 185, aliyokuwa ameitumia kwenye mbio za mita 10,000. Abebe akawa anaitafuta namba 26 mbele yake, haioni. Kumbe mwenyewe Rhadi alikuwa ubavuni mwake, wanakimbia pamoja kilomita baada ya kilomita. Hofu yake ilikuwa mbele, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Yeye aliendelea tu na mwendo wake.

Karibu na mwisho njia ilipita kwenye mnara mkubwa wa jiwe. Ulikuwa mnara wa Aksum, uliochongwa Ethiopia zamani sana. Waitalia waliuchukua mwaka 1937 wakausimamisha Roma kama nyara ya vita. Abebe na Niskanen walikuwa wameikagua njia mapema na kuuona. Zilipobaki kama mita 500, jirani na mnara huo, Abebe aliongeza kasi akamwacha Rhadi. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Mtoto ambaye familia yake ilihama kwa sababu ya amri zilizotoka Roma alishinda katika mji huo huo. Hakumgusa mtu wala hakutukana mtu. Na mnara? Ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005, ukasimamishwa tena Aksum mwaka 2008. Yeye hakuishi kuuona ukirudi. Baadhi ya haki huchukua muda mrefu kuliko maisha ya mtu mmoja, na bado zinafika.

Ushindi haukumkinga na matatizo

Ungedhani kwamba baada ya Roma maisha yalinyooka. Hayakunyooka. Desemba mwaka huohuo baadhi ya wakuu wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kumpindua Mfalme. Jaribio likashindwa, na watu wakafa katika mapigano Addis Ababa. Abebe hakuhusika, lakini alikuwa askari wa kikosi hicho, kwa hiyo alikamatwa kwa muda na kuhojiwa, kisha akaachiwa. Medali haikumwondolea shaka machoni mwa watu. Wengi wenu mnajua namna ilivyo kushukiwa kwa sababu ya mahali ulipotoka au kundi ulilomo.

Mwaka 1961 alishinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akawa wa tano. Bingwa wa Olimpiki, mtu wa tano. Alirudi nyumbani akaendelea na mazoezi.

Kisha mwaka 1964, wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi waliona safari imeishia hapo. Akapona, akapanda ndege pamoja na wenzake. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa na viatu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika nne. Alipovuka mstari hakuanguka. Alianza kufanya mazoezi ya kunyoosha viungo kwenye nyasi, watu uwanjani wakimshangaa. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Nisikudanganye, ndugu yangu: haya siyo ya kuiga. Ukifanyiwa upasuaji, msikilize daktari wako. Ninachotaka ukione ni kwamba siku mbaya haikumfanya atupe kazi ya miaka yote iliyotangulia. Mwili uliojengwa polepole huvumilia pigo ambalo mwili uliojengwa kwa pupa hauwezi.

Siku ambayo hakumaliza

Miaka iliyofuata mguu wake ulianza kumsumbua. Alikwenda Mexico mwaka 1968 akiwa na maumivu. Alikimbia karibu kilomita 17, kisha akatoka njiani. Mbio ziliendelea bila yeye. Aliyeshinda siku ile alikuwa Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake na askari mwenzake, mtu waliyefanya mazoezi pamoja kwa miaka.

Kutoka njiani ni aibu kwa mkimbiaji. Lakini tazama matokeo: dhahabu ilirudi Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo. Abebe alikuwa ameacha nyuma yake kitu kikubwa kuliko mguu wake mwenyewe, watu wanaojua kwamba inawezekana.

Burundi nayo ina habari yake ya namna hii. Mwaka 1996, nchi ikiwa vitani, Burundi ilipeleka timu yake ya kwanza kabisa kwenye Olimpiki, mjini Atlanta. Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa wanaotegemewa sana katika mita 1,500. Akamwachia nafasi hiyo Dieudonné Kwizera, mkubwa wake katika mbio, aliyekuwa amekosa Olimpiki kwa miaka mingi. Niyongabo akaingia mita 5,000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo mkubwa, na akashinda dhahabu. Ndiyo medali ya kwanza ya Burundi. Mtu alitoa nafasi yake, na nchi nzima ikapata.

Katika kambi na vijiji tunavyoishi, nafasi ni chache: nafasi ya masomo, ya mafunzo ya kazi, ya kwenda nje. Ni rahisi kumwona mwenzako kuwa ndiye namba 26. Wakati mwingine ndiye Mamo Wolde wako.

Kiti cha magurudumu

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha gari lake, akapata ajali. Alikuwa na miaka 36. Shingo na uti wa mgongo viliumia. Akapelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville inayojulikana kwa kuwatibu walioumia uti wa mgongo, akakaa huko miezi minane. Mwanzoni hakuweza hata kusogeza kichwa. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi tena.

Fikiria. Mtu ambaye dunia ilimjua kwa miguu yake, tena miguu mitupu, ameondolewa miguu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Stoke Mandeville ilikuwa pia mahali ambapo michezo ya watu wenye ulemavu ilianzia, michezo iliyokuja kuwa Paralimpiki. Mwaka 1970 Abebe alishindana huko akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katika kulenga shabaha kwa upinde na mshale na katika tenisi ya meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway, akashindana tena, na akashinda mbio za sleji, chombo kinachovutwa na mbwa juu ya theluji. Mtu wa milima ya Shewa, kwenye theluji ya Norway, anaongoza mbwa kwa mikono yake.

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima, na umati ukamsimamia na kumshangilia akiwa kwenye kiti chake. Tarehe 25 Oktoba 1973 alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41. Aliacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Makumi ya maelfu ya watu walimzika, Mfalme akiwa miongoni mwao.

Sikusimulii haya ili useme kwamba mlemavu akijitahidi tu mambo yatakaa sawa. Abebe alipata kiti, alipata hospitali nzuri, alipata watu wa kumsukuma. Katika makazi yetu kuna watu walioumizwa na vita au ajali, na wengine wamekaa ndani ya nyumba miaka kwa sababu hakuna kiti, au kiti kipo lakini njia ina mawe na mitaro. Uwezo wanao. Kilichokosekana ni njia. Kama unaishi jirani na mtu kama huyo, hilo la njia linakuhusu wewe pia.

Kilomita uliyomo

Nimeyatafakari maisha haya nikaona kwamba Abebe aliishi katika vipande ambavyo hakuvichagua. Hakuchagua vita vya utotoni, wala kukamatwa, wala ugonjwa kabla ya Tokyo, wala ajali. Katika kila kipande alifanya kazi ya kipande hicho. Akiwa askari asiyejulikana alikimbia milima ya Sululta kana kwamba milima ndiyo mashindano. Akiwa kwenye kiti alishika upinde.

Wengi wetu tunaishi kana kwamba maisha yamesimama. Tunasema nitaanza nikirudi nyumbani, nitaanza nikihamishiwa nchi ya tatu, nitaanza karatasi zikitoka. Mwenyeji naye husema nitaanza bei zikishuka. Kurudi ni haki yako, na karatasi ni haki yako, endelea kuzidai. Lakini mkimbiaji wa marathoni akikaa chini kwenye kilomita ya 15 kwa sababu bado hajauona mwisho, hatauona kamwe. Jifunze kushona sasa. Msomeshe mtoto wa jirani hesabu sasa. Kimbia asubuhi, kidogo kidogo, siku tatu kwa wiki, ongeza polepole, pumzika mguu ukiuma, kunywa maji.

Tangu mwaka 2016 kuna timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Ilipoanza huko Rio de Janeiro ilikuwa na wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokulia kambi za Kenya, na mkimbiaji mmoja wa marathoni mzaliwa wa Ethiopia, nchi ya Abebe. Hawa walikuwa wakimbizi na wakimbiaji kwa pamoja, mbele ya dunia nzima. Kesho alfajiri, ukisikia hatua za vijana wakipita nje ya nyumba yako, Gitega au Muyinga, usiwacheke wala usiwaite wavivu waliokosa kazi. Kama miguu yako inaruhusu, toka ukimbie nao. Kama hairuhusu, waulize wanahitaji nani wa kuwashikia saa.